Picha Irudi kwa Mwenyewe

Kuna sifa zinazomdhulumu mtu anayesifiwa. Tangu Mfaransa Jean Rouch alipofariki kwa ajali ya motokari katika nchi ya Niger, tarehe 18 Februari 2004, mabwana wa sinema huko Ulaya wameandika mengi juu yake. Wanasema: huyu ndiye aliyeitoa kamera juu ya miguu yake mitatu, akaishika mkononi, akatembea nayo kati ya watu, na tangu hapo sinema ikajifunza kuonyesha maisha jinsi yalivyo. Maneno hayo si uongo. Lakini ni nusu ya habari, tena nusu iliyo ndogo. Mwenye kuisifu kamera ya Rouch bila kuwataja watu waliosimama mbele yake ni kama mwenye kusifu jembe na kumsahau mkulima.

Sisi tunashika neno lingine, na tutajaribu kulionyesha kwa kufuata kazi yake mwenyewe. Picha haiwi ya kweli kwa sababu mashini yake ni nyepesi, wala kwa sababu aliyeishika ana elimu nyingi. Inakuwa ya kweli inaporudi kwa mwenyewe, yaani kwa mtu aliyepigwa picha, naye akapata nafasi ya kusema: hapa umenena sawa, hapa umekosea. Jambo hilo Rouch hakulileta Afrika; alilikuta Afrika. Alipolishika, kazi yake ilikuwa njema. Alipolilegeza, kazi yake ilitia watu uchungu ambao haujapoa mpaka leo.

MHANDISI ASIYEJUA WATU WAKE

Rouch alizaliwa Paris tarehe 31 Mei 1917. Hakusomea sinema, alisomea ujenzi wa barabara na madaraja. Mwaka 1941, Ufaransa ikiwa imekwisha kushindwa vitani na Wajerumani, alikwenda Niger, iliyokuwa koloni ya Wafaransa, kusimamia kazi ya barabara. Siku moja radi iliwaua vibarua kadhaa pahali pa kazi. Kijana mmoja aliyefanya kazi naye, jina lake Damouré Zika, mtu wa ukoo wa Sorko, wavuvi wa mto Niger, alimwita nyanya yake, Kalia, aliyejua desturi za Wasonghay juu ya radi. Hapo mhandisi alitambua kwamba anawaamuru watu asiowajua hata kidogo. Akaanza kuuliza na kuandika. Baada ya miaka, maulizo hayo yalimpa cheo cha daktari wa elimu katika chuo kikuu cha Paris, mwaka 1952.

Katika miaka ya 1946 na 1947 alishuka mto Niger kwa mtumbwi pamoja na Wafaransa wenzake wawili, Jean Sauvy na Pierre Ponty. Alikuwa na kamera ndogo iliyokwisha kutumika. Katika safari hiyo miguu ya kamera ilipotea majini, akalazimika kuishika mashini mkononi. Wengine wameifanya habari hiyo kama kuzaliwa kwa sinema mpya. Haya, na iwe hivyo! Lakini tazameni yaliyofuata.

Picha alizopiga katika safari hiyo zilinunuliwa na kampuni ya habari za sinema huko Paris. Wakazikatakata, wakazitia muziki, wakamweka msemaji aliyezoea kutangaza mashindano ya baisikeli, wakazitoa mwaka 1947 kwa jina la Au pays des mages noirs, maana yake Katika Nchi ya Wachawi Weusi. Rouch mwenyewe hakupendezwa. Basi, tunauliza: je, kamera haikushikwa mkononi? Ilishikwa. Je, wavuvi hawakuwa wavuvi wa kweli? Walikuwa wa kweli kabisa. Hata hivyo filimu ilikuwa ya uongo, kwa sababu msemaji hakujua anasema nini, na waliojua hawakuulizwa. Hapo mwanzoni kabisa fundisho lilikwisha kutolewa: mkono huru wa mpiga picha hautoshi.

KIBOKO HAPENDI MUZIKI

Mwaka 1951 Rouch aliwafuata tena wavuvi wa Sorko karibu na Ayorou, walipokuwa wakiwinda viboko kwa mitumbwi na vyusa. Akatengeneza filimu iitwayo Bataille sur le grand fleuve, Vita Juu ya Mto Mkubwa. Kwa kutaka kuipamba, alitia muziki wa wawindaji pahali pa hatari, wimbo wa kuwapa moyo. Miaka mitatu hivi baadaye alirudi Ayorou, akatundika shuka nyeupe, akawaonyesha wawindaji picha zao wenyewe.

Kwanza wengine walilia, kwa kuwa waliwaona jamaa zao waliokwisha kufa. Kisha wakaomba kuitazama tena, na tena. Halafu mkubwa wa wawindaji akasema neno lake. Muziki huo, alisema, haufai pale. Mwindaji wa kiboko hunyamaza, maana kiboko ana masikio makali chini ya maji. Akisikia ngoma na zeze atakimbia, na uwindaji utakuwa umekwisha.

Lieni machozi au chekeni, wasomaji wapenzi, lakini msiyapite maneno hayo haraka. Mtu asiyesoma katika shule yo yote ya sinema alimfundisha daktari wa Paris somo la kwanza la ukweli. Wakubwa wa sinema wa Amerika na Ulaya walitia muziki katika kila hatari, na hakuna aliyewauliza kama simba wanaupenda. Rouch, kwa heshima yake, alikubali. Aliuondoa muziki, na maisha yake yote aliisimulia habari hiyo. Aliiita namna hiyo ya kufanya kazi elimu ya watu iliyo ya shirika, yaani si mali ya mtaalamu peke yake. Tena alikumbusha kwamba Robert Flaherty, Mwamerika aliyetengeneza Nanook mwaka 1922, alikwisha kuwaonyesha Waeskimo picha zao alipokuwa akizipiga.

Kumbe lile linalostahili sifa ni shuka nyeupe ya Ayorou kuliko kamera ya begani. Na mtu wa kusifiwa pamoja na Rouch ni mzee mwindaji, ambaye vitabu vingi vya sinema havimtaji hata jina.

JUMAPILI MOJA KULE ACCRA

Sasa tuje kwenye kidonda. Mwaka 1954 Rouch alikuwa Accra, katika Gold Coast, nchi ambayo mwaka 1957 ilipata uhuru na kuitwa Ghana. Huko walikuwako vibarua wengi kutoka Niger, na baadhi yao walikuwa wafuasi wa pepo waitwao Hauka. Pepo hao hawakuwa wa mababu. Walikuwa pepo wa nguvu mpya: gavana, jenerali, kaporali wa lindo, dereva wa treni, bibi wa daktari. Jumapili moja wafuasi walikutana nje ya mji, wakapagawa, wakatokwa na povu mdomoni, wakachinja mbwa na kumla. Rouch alipiga yote. Filimu ilitoka mwaka 1955 kwa jina la Les Maîtres fous, maana yake Mabwana Wenye Wazimu.

Ilipoonyeshwa Paris katika Musée de l'Homme mbele ya wataalamu wachache, ghadhabu ilikuwa kubwa. Marcel Griaule, aliyekuwa mwalimu wa Rouch, alitaka filimu iharibiwe. Waafrika waliokuwako walitaka vivyo hivyo. Aliyeitetea ni Luc de Heusch, Mbelgiji aliyekuwa amepiga picha kwa Wahamba wa Sankuru, huku kwetu Kongo. Serikali ya Kiingereza nayo iliipiga marufuku katika Gold Coast. Mle ndani yai linapasuliwa juu ya kichwa cha sanamu ya gavana, na mara tunaona kofia ya gavana wa kweli yenye manyoya. Dharau hiyo ilitosha kuwaudhi. Mwaka 1957 filimu hiyo hiyo ilipewa zawadi Venice. Baadaye Rouch mwenyewe alipunguza kuionyesha mbele ya watu wote.

Wanaoitetea wanasema: hii ni filimu iliyoufichua ukoloni, maskini anamwigiza gavana, na katika kumwigiza anamhukumu. Tunakubali kwamba jambo hilo limo. Wanasema tena: makuhani wa Hauka wenyewe walimwomba Rouch aje kupiga. Ni kweli, filimu yenyewe inalitangaza mwanzoni. Lakini mtu akikuita nyumbani kwake kupiga picha ya matanga, je, amekuruhusu kuipeleka sokoni? Kuombwa kupiga ni neno moja. Kuombwa kuonyesha ni neno lingine.

Tena sikilizeni ni nani anayesema katika filimu hiyo. Tangu mwanzo mpaka mwisho ni sauti ya Rouch, kwa Kifaransa. Yeye ndiye anayetuambia huyu ni nani, anataka nini, analia kwa nini. Mwishoni anatuonyesha watu wale wale siku iliyofuata, wakichimba mtaro kwa furaha mbele ya hospitali ya wagonjwa wa akili. Anatuambia kwamba labda wamegundua dawa ya kuwakinga na wazimu wa dunia ya sasa. Labda ni kweli. Lakini nani aliwauliza? Hakuna hata mmoja wao anayejieleza mbele yetu. Kule Ayorou mwindaji alisema, na filimu ikarekebishwa. Hapa Accra kibarua ametokwa na povu mbele ya dunia nzima, na mwingine amemwelezea povu lake.

Sisi Wakristo hatuna haja ya kukubali mambo ya pepo ili tuitetee heshima ya mtu aliyepagawa. Heshima yake haikutoka kwa Hauka, na haiondolewi kwa kupagawa. Mtu aliye nje ya akili yake ndiye hasa anayehitaji jirani wa kumfunika nguo. Mwenye kumwonyesha katika hali ile, asimpe baadaye nafasi ya kusema akiwa na akili zake, amemwacha uchi njiani. Hilo ndilo kosa la filimu hii. Hatusemi kwamba yaliyomo hayakutokea. Tunasema kwamba waliotokewa wamenyang'anywa neno.

ROBINSON WA TREICHVILLE

Rouch alisikia maneno ya waliomkemea. Mwaka 1957, katika Treichville, mtaa wa Abidjan, aliwafuata vijana wa Niger waliotafuta kazi mjini. Aliwaambia wacheze maisha yao wenyewe, na watakuwa na ruhusa ya kufanya na kusema yote. Mmoja wao, Oumarou Ganda, alikuwa askari wa Wafaransa katika vita vya Indochina, na sasa alikuwa kibarua. Akajiita Edward G. Robinson, kwa jina la mchezaji wa sinema za Amerika. Mwenzake alijiita Eddie Constantine.

Kamera ya Rouch ilikuwa ya kujazwa kwa mkono kama saa. Haikuweza kwenda zaidi ya sekunde 25 hivi kwa mara moja, wala haikunasa sauti. Kwa hiyo baadaye Ganda alikaa mbele ya picha zake, akaanza kusema kile kilichomjia: uchovu wa mizigo, hasira ya kukosa fedha, ndoto za kuwa bingwa wa ndondi, vita ya Indochina isiyomtoka moyoni. Filimu hiyo, Moi, un noir, yaani Mimi, Mtu Mweusi, ilipata zawadi ya Louis Delluc ya mwaka 1958. Jean-Luc Godard aliisifu sana, naye mwaka 1960 akatoa À bout de souffle, filimu yenye mikato ya ghafula na barabara za kweli. Vijana wa Ufaransa walioitwa Wimbi Jipya walijifunza mengi kutoka kwa kibarua wa Treichville, ingawa ni wachache waliolisema.

Hapa picha imerudi kwa mwenyewe, maana Ganda ameitazama na kuitia sauti yake. Ndiyo sababu filimu hii ni nzuri kuliko ile ya Accra. Lakini je, ilirudi yote? Hapana. Filimu ilikatwa na kuungwa na mwingine, ikachukua jina la mwingine, na sifa zikamwendea mwingine. Ganda hakuridhika na jinsi alivyoonyeshwa. Hakuandika barua ya kulalamika. Alifanya lililo bora. Alijifunza kazi, na mwaka 1968 akatengeneza Cabascabo. Ni habari ya askari anayerudi Niger kutoka Indochina, anakula fedha zake na marafiki, rafiki wanamtoroka fedha zikiisha, mwishowe anashika jembe. Ganda mwenyewe ndiye aliyemcheza askari huyo. Filimu ilionyeshwa Cannes mwaka 1969. Mwaka 1972 filimu yake nyingine, Le Wazzou polygame, ilipata zawadi kubwa huko Ouagadougou. Alifariki tarehe 1 Januari 1981, akiwa na umri mdogo.

Tazameni basi matunda ya picha iliyorudi, hata iliporudi nusu tu! Aliyepigwa picha ameinuka, amechukua kamera, amejibu. Na si yeye peke yake. Moustapha Alassane wa Niger alianza njia yake ya sinema karibu na Rouch. Safi Faye wa Senegal alicheza katika filimu ya Rouch Petit à petit, kisha akatoa Kaddu Beykat mwaka 1975, filimu ya wakulima wa kijiji chake. Anayetaka kupima kazi ya Rouch katika sinema ya maisha ya kweli, asiwahesabu wanafunzi wake wa Paris tu. Ahesabu na hawa.

WATU WA PARIS WANAPEWA NENO

Katika kiangazi cha mwaka 1960 Rouch aliigeuza kamera kwa watu wake mwenyewe. Pamoja na Edgar Morin, mtaalamu wa mambo ya jamii, alitengeneza Chronique d'un été, Habari za Kiangazi Kimoja. Waliwauliza watu wa Paris: Je, una furaha? Walimtumia Michel Brault kutoka Kanada, fundi wa kutembea na kamera, na mashini mpya nyepesi ya fundi André Coutant, ikanasa picha na sauti pamoja. Mle tunamwona Angelo, mfanyakazi wa kiwanda cha Renault, na Marceline Loridan, Myahudi aliyepelekwa katika kambi ya Auschwitz-Birkenau mwaka 1944, anayetembea peke yake akimsemesha baba yake ambaye hakurudi kutoka huko.

Mle pia tunasikia jina la nchi yetu. Ilikuwa miezi ya kwanza ya uhuru wa Kongo, na watu waliokaa mezani walizungumza juu ya machafuko ya kwetu. Waafrika waliokuwako, Landry na Raymond, walitoka Côte d'Ivoire. Kongo ilizungumzwa, hakuna Mkongomani tunayemsikia pale. Hatulitaji kwa kinyongo. Tunalitaja kwa sababu ya jambo linalofuata.

Filimu ilipokaribia kuisha, Rouch na Morin waliwakusanya wale waliopigwa picha, wakawaonyesha, wakawauliza: mnaonaje? Wakabishana vikali. Wengine walisema kwamba mwenzao fulani amejivua nguo mbele ya watu, ni kukosa haya. Wengine walisema fulani ameigiza tu. Na mabishano hayo Rouch aliyatia ndani ya filimu! Mtazamaji anaona picha, kisha anawaona wenye picha wakiihukumu. Kwa maoni yetu hapo sinema ilifika pahali ambapo haikuwa imefika bado. Jina la cinéma-vérité, yaani sinema ya ukweli, ambalo Morin alilichukua kwa Mrusi Dziga Vertov wa miaka ya 1920, lilipata maana yake hapo, si katika uzito wa kamera.

Lakini sasa tunauliza, na tunaomba wasifu wa Rouch watujibu. Kwa nini lawama za watu wa Paris zimo ndani ya filimu yao, na vibarua wa Accra hawana hata neno moja ndani ya filimu yao? Aliyejua kufanya hivyo mwaka 1961 kwa Marceline na Angelo, alikwisha kuifahamu njia hiyo kwa mzee wa Ayorou. Je, mtu wa Paris akionyeshwa vibaya anaweza kuandika gazetini na kwenda kwa mwanasheria, na kibarua hawezi? Basi, huko ndiko ukweli unakopimwa. Kumpa neno mtu anayeweza kujitetea ni adabu. Kumpa neno asiyeweza ni haki.

MAJIBU YETU KWA PANDE MBILI

Najua ya kwanza inatoka kwa wakali wa upande wetu, tuiseme wazi. Mwaka 1965 Ousmane Sembène, mkubwa wa sinema ya Senegal, alikutana na Rouch uso kwa uso, akamwambia kwamba yeye na wenzake wanawatazama Waafrika kama wadudu. Neno hilo limeenea kila pahali, na wengi hutosheka nalo: Rouch ni mtazama wadudu, basi, tumtupe. Lakini Sembène yule yule, katika mazungumzo yale yale, aliisifu Moi, un noir. Alisema Mwafrika angeweza kuitengeneza, ila hakuna aliyekuwa na njia wakati ule. Na ni kweli. Tangu mwaka 1934 amri ya serikali ya Ufaransa iliyoitwa kwa jina la waziri Laval ilimzuia mtu kupiga filimu katika makoloni ya Afrika pasipo ruhusa. Paulin Vieyra na wenzake walipotaka kutengeneza filimu ya Waafrika, ilibidi waipige Paris: ndiyo Afrique-sur-Seine ya mwaka 1955. Na walioisimamia ni kamati ya filimu ya Musée de l'Homme, kamati ambayo Rouch alikuwa mmoja wa waanzilishi wake.

Tena mdudu habishani na anayemtazama. Damouré Zika alibishana na Rouch zaidi ya miaka 60. Katika Petit à petit, iliyopigwa mwishoni mwa miaka ya 1960, Damouré anakwenda Paris kuwachunguza wenyeji. Anawasimamisha njiani, anawapima vichwa, anawatazama meno, kama Wazungu walivyowafanyia mababu zetu. Anayeruhusu apimwe hivyo amekwisha kuelewa kosa la upimaji. Kwa hiyo hatumtupi.

Upande wa pili ni wapenzi wa sanaa. Wao husema: mkiwapa waliopigwa picha ruhusa ya kusema, hakutakuwa na ukweli tena. Chifu mwovu ataondoa uovu wake, tajiri ataondoa wizi wake. Hoja hii ni nzito, hatuidharau. Lakini inachanganya mambo mawili. Kumrudishia mtu picha si kumpa mkasi. Ni kumpa neno. Watu wa Paris hawakupewa mkasi. Walisema, na maneno yao yakatiwa ndani. Chifu mwovu naye aseme mbele yetu, nasi tutampima kwa maneno yake. Anayeogopa ukweli kwa sababu ya neno la aliyepigwa picha, huyo anaupenda utawala wake kuliko ukweli.

MASWALI MATATU

Mwaka 1978 Rouch, akiwa na umri wa miaka 61, alikuwa Maputo, katika Msumbiji iliyopata uhuru mwaka 1975. Aliwafundisha vijana kutumia kamera ndogo za bei rahisi: kupiga asubuhi, kusafisha filimu mchana, kuonyesha jioni kwa watu wale wale waliopigwa. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa mwaka 1981 shule ya Ateliers Varan huko Paris, ambayo imefundisha vijana wa nchi nyingi. Hapo mzee alikuwa amelirudia somo la Ayorou, safari hii kila siku, jua likichwa.

Kwa nini tunaandika haya kwa watu wa parokia, ambao wengi hawataona hata moja ya filimu hizi? Kwa sababu leo kamera haiko tena mikononi mwa Rouch. Iko mfukoni mwa kila kijana, ndani ya simu. Kila wiki kuna mtu anayepiga picha ya mgonjwa kitandani, ya mtoto mwenye njaa, ya mama anayelia kaburini, ya watu waliokimbia vita. Picha zinapelekwa mbali, kwa wafadhili na kwa wageni, na huko zinalia badala ya mwenyewe. Nia inaweza kuwa njema. Nia ya Rouch pia ilikuwa njema kule Accra.

Basi, yeyote anayeinua simu mbele ya mwenzake ajiulize maswali matatu. La kwanza: nimeruhusiwa kupiga tu, au pia kuonyesha, na kwa nani? La pili: nani anasema ndani ya picha hii, mwenyewe au mimi kwa niaba yake? La tatu: imerudi kwake? Ameiona? Amesema nini? Akikosa jibu la swali la tatu, asijisifu kwamba ameonyesha ukweli, hata kama kila kitu kilitokea mbele ya macho yake.

Nao wanaoandika vitabu vya sinema tunawaomba neno moja. Mnapomtaja Jean Rouch, mtajeni pia Damouré Zika, aliyemwonyesha njia. Oumarou Ganda, aliyemjibu kwa filimu. Na mzee wa Ayorou, aliyemkanya. Bila wao angekuwa mhandisi mwenye kamera. Na picha zake mlizo nazo katika maghala ya Paris, zipelekeni Niger, Ghana na Côte d'Ivoire, zikaonyeshwe jioni juu ya shuka nyeupe, watoto na wajukuu wa wenyewe wakae mbele, waseme.